Deki ya kaseti: Jinsi ya kuiunganisha, kuitunza na kuokoa sauti za zamani

KASETI za sauti zingalipo katika nyumba nyingi nchini, aghalabu ndani ya katoni chini ya kitanda au nyuma ya vyombo vya wageni kabatini. Baadhi yake zina muziki ambao siku hizi hupatikana kwenye intaneti bila taabu. Nyingine, hata hivyo, zimehifadhi sauti ambazo hazipo kwingineko duniani: hotuba ya babu siku ya posa, nyimbo za harusi zilizoimbwa na akina mama wa mtaa, mahubiri ya mchungaji aliyekwisha kufariki, au barua ya sauti kutoka kwa jamaa aliyekuwa akifanya kazi Ghuba wakati ambapo kupiga simu kulikuwa ghali mno.

Tofauti baina ya makundi hayo mawili ndiyo inayopasa kumwongoza yeyote anayenuia kuitumia tena deki ya kaseti. Muziki uliochapishwa ukiharibika, huenda nakala nyingine ikapatikana. Sauti ya marehemu ikifutwa au utepe wake ukikatwa na mashine mbovu, hakuna duka inakouzwa. Kwa sababu hiyo, mashine sharti ijaribiwe, isafishwe na kuaminika kwanza, ndipo kaseti yenye thamani iingizwe ndani yake.

Deki ya kaseti si sawa na redio kaseti. Redio kaseti hujitosheleza, kwani ina spika zake na amplifaya yake ndani ya kasha moja. Deki haina spika wala amplifaya ya kuziendesha. Kazi yake ni kusoma na kurekodi utepe tu, na sauti hupelekwa kwenye amplifaya kwa nyaya. Kwa kuwa imeundwa kwa shughuli hiyo moja, deki nzuri husoma utepe kwa utulivu zaidi kuliko redio kaseti nyingi.

Kaseti yenyewe ilizinduliwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka wa 1963 katika maonyesho ya redio mjini Berlin. Kundi la wahandisi lililoiunda liliongozwa na Lou Ottens, aliyefariki mwaka wa 2021. Utepe wake una upana wa takriban milimita 3.8, nao hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde.

Ndani ya upana huo mdogo mna njia nne za sauti: mbili za upande wa kwanza na mbili za upande wa pili, kila moja ikiwa na upana unaozidi kidogo nusu milimita. Msomaji akiutafakari udogo huo ataelewa ni kwa nini chembe ya vumbi, au kichwa kilichopinda kidogo tu, huweza kuifanya sauti ya mtu isikike kana kwamba anazungumza akiwa amejifunika blanketi.

Nchini Kenya, kaseti ilikuja kuisukuma kando santuri na kuufanya muziki uwafikie watu wasiokuwa na gramafoni. Maduka ya barabara ya River Road jijini Nairobi yalijaa kanda za benga na za injili, na mjini Mombasa Mbwana Radio Service ilijulikana kwa kaseti za taarabu. Fauka ya hayo, kwa mara ya kwanza raia wa kawaida aliweza kurekodi mambo yake mwenyewe nyumbani. Ndiyo maana urithi mkubwa wa sauti za watu wetu umo katika kaseti zisizo na jalada, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino ambao sasa umefifia.

KABLA YA KUTIA PLAGI

Deki nyingi zinazopatikana leo ni za mitumba. Jambo la kwanza ni kusoma kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Mashine iliyoundwa kwa matumizi ya Japani huhitaji volti 100, na ile ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, transfoma yake huweza kuungua papo hapo. Mashine nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Zisizokuwa nayo huhitaji transfoma ya kushushia umeme, ambayo huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme.

Jambo la pili ni mikanda ya mpira iliyo ndani. Mikanda hiyo ndiyo inayounganisha mota na sehemu zinazozunguka, na baada ya miaka ishirini au thelathini hulegea, hukatika au huyeyuka ikawa kama lami. Dalili zake ni sauti inayoyumba, kaseti kushindwa kurudi nyuma, au mashine kunguruma pasi na chochote kuzunguka. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi anayezijua mashine hizi, na gharama yake si kubwa. Kumwekea fundi huyo mashine bila kuonja sauti yake kwanza ni busara kuliko kuijaribu kwa kaseti ya harusi ya mama.

Deki iwekwe mahali palipo sawa, pasipo na vumbi wala jua la moja kwa moja. Isiwekwe juu ya amplifaya, kwani joto huidhuru na transfoma ya amplifaya huweza kuitia mvumo. Isisogezwe karibu na spika pia. Spika ina sumaku kubwa, na sauti iliyo kwenye utepe si kitu kingine ila mpangilio wa sumaku ndogondogo.

Nyuma ya deki kwa kawaida mna matundu manne, mawili mawili. Jozi iliyoandikwa LINE OUT, au PLAY, hutoa sauti. Iunganishwe na jozi ya amplifaya iliyoandikwa TAPE IN au TAPE PLAY. Jozi ya deki iliyoandikwa LINE IN, au REC, hupokea sauti ya kurekodiwa; nayo hutoka kwenye TAPE OUT au TAPE REC ya amplifaya. Plagi nyekundu ni ya upande wa kulia, na nyeupe ni ya kushoto. Amplifaya isiyokuwa na matundu ya TAPE hufaa kutumia AUX.

Tundu lililoandikwa PHONO liepukwe kabisa. Hilo ni la gramafoni pekee, kwa kuwa huikuza mno sauti na kubadilisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba. Anayechomeka deki hapo husikia sauti iliyopasuka, kisha huilaumu kaseti bure. Vilevile, ni vyema amplifaya izimwe kila nyaya zinapounganishwa au kuchomolewa.

USAFI NDIO NUSU YA KAZI

Kila utepe unapopita huacha unga wa rangi ya kahawia. Unga huo hung'ang'ania mahali patatu: kwenye kichwa cha kusomea, kwenye kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na kwenye gurudumu la mpira linalokibana kijiti hicho ili kuuvuta utepe. Kichwa kikichafuka, sauti nyembamba hupotea au upande mmoja wa sterio hunyamaza. Kijiti na gurudumu vikichafuka, utepe hunata na kujiviringisha humo. Hapo ndipo watu husema mashine "imekula" kaseti.

Dawa yake ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pamoja na vijiti vya pamba visivyotoa nyuzi. Fungua mlango wa kaseti na mashine ikiwa imezimwa, kisha pangusa kichwa kwa upole hadi pamba itoke nyeupe. Kijiti cha chuma hupanguswa vivyo hivyo huku ukikizungusha. Gurudumu la mpira ni afadhali lisafishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwani alkoholi ikizoeleka huukausha mpira na kuupasua. Subiri dakika kadhaa kila kitu kikauke.

Manukato, mafuta taa, petroli na kiondoa rangi ya kucha havifai hata kidogo, ingawa kila mtaa una mjuzi wake anayeapa kwamba vinafaa. Vitu hivyo ama huacha mafuta au huyeyusha plastiki.

Miongozo mingi ya watengenezaji ilipendekeza usafishaji huo baada ya takriban saa kumi za kucheza. Kwa kaseti za zamani zenye utepe unaopukutika, kipimo hicho ni kirefu mno. Ni heri kusafisha baada ya kila kaseti. Mara mojamoja kichwa huhitaji pia kuondolewa sumaku inayojikusanya, kwa kifaa maalumu. Kifaa hicho huwashwa kikiwa mbali na mashine, hukaribishwa polepole, na huondolewa polepole kabla ya kuzimwa, huku deki ikiwa imezimwa na kaseti zote zikiwa chumba kingine. Asiyekuwa na uhakika wa hatua hizo amwachie fundi, maana kifaa hicho kikikaribia kaseti huifuta.

Baada ya usafi, mashine ijaribiwe kwa kaseti isiyo na thamani. Iache icheze dakika kumi, irudishe nyuma, ipeleke mbele, kisha itoe. Tazama dirishani iwapo gurudumu la kulia linauviringisha utepe sawasawa. Likisimama ilhali utepe unaendelea kusukumwa, utepe huo utamwagikia ndani ya mashine baada ya sekunde chache. Sauti ya kinanda au ya filimbi ndefu ndiyo kipimo kizuri cha mwendo, kwa sababu sikio hutambua upesi inapoyumba.

Iwapo kaseti italiwa, usiivute. Bonyeza STOP, zima umeme, fungua mlango, na uutoe utepe kwa vidole pole pole, ukitumia kijiti cha plastiki panapobidi. Uliokunjamana urudishwe ndani ya kaseti kwa kuzungusha kitovu chake kwa penseli au kalamu ya Bic, maarifa ambayo hakuna mtoto wa miaka ya themanini asiyeyajua.

Umeme unapokatika katikati ya wimbo, hasa kwa mashine za vitufe vizito vya kubonyeza kwa nguvu, gurudumu la mpira hubaki limeubana utepe. Lisipoachiliwa, hutiwa alama na utepe hunata. Bonyeza STOP hata kama hakuna umeme.

KUIKAGUA KASETI

Kaseti iliyokaa miaka mingi isiingizwe mashinani kabla ya kutazamwa kwenye mwanga. Katika miji ya Pwani, joto na unyevunyevu huzalisha kuvu, inayoonekana dirishani kama unga mweupe pembezoni mwa utepe. Kaseti ya namna hiyo itengwe, kwa kuwa kuvu huhamia kwenye mashine na kutoka huko huziambukiza kaseti nyingine. Kuisafisha ni kazi ya mtaalamu.

Tazama pia uwazi ulio chini ya kaseti. Katikati mna kipande kidogo cha kitambaa kilichogandishwa kwenye kibamba cha chuma. Ndicho kinachousukuma utepe ukagusana na kichwa. Gundi yake hukauka na kitambaa hudondoka, na sauti hufifia hata kama utepe ni mzima. Kaseti iliyofungwa kwa skurubu tano huweza kufunguliwa na utepe wake kuhamishiwa katika kasha jingine. Iliyogandishwa kiwandani huhitaji kupasuliwa kwa uangalifu.

Jambo muhimu kuliko yote huchukua sekunde tatu tu. Ukishika kaseti upande unaotaka kuulinda ukikutazama, na uwazi wa utepe ukiwa chini, kile kijisahani cha plastiki kilicho juu upande wa kushoto ndicho kinga ya upande huo. Kikivunjwa, deki haitakubali kurekodi juu yake. Kivunje, kisha ugeuze kaseti na uvunje cha pili. Katika vyumba vya habari vya zamani vijisahani hivyo viliachwa makusudi ili kaseti ya mahojiano itumike tena juma lililofuata, na sauti nyingi zilipotea kwa sababu ya ubanaji huo wa matumizi.

Kaseti iliyolala miaka mingi ipelekwe mbele hadi mwisho, kisha irudishwe nyuma hadi mwanzo, ndipo ichezwe. Kwa kufanya hivyo tabaka za utepe zilizoshikana huachana na mkazo husawazika. Kaseti za dakika 120 zihofiwe zaidi: ili kuongeza urefu, utepe wake ulipunguzwa unene hadi takriban maikromita 9, ilhali ule wa dakika 60 una takriban 18. Utepe mwembamba hivyo hunyooka na kukunjika kwa urahisi.

KUSIKILIZA

Deki nyingi zina swichi ya aina ya utepe. Aina ya kwanza, iliyo ya kawaida, ni ya oksidi ya chuma. Ya pili huitwa kromu, na ya nne metali. Mashine za baadaye hutambua zenyewe kwa kupapasa matundu yaliyo juu ya kaseti. Kwa zile za mkono, kaseti ya kawaida ikisomwa kwa mpangilio wa kromu huwa na sauti hafifu zaidi upande wa juu.

Swichi inayowatatiza wengi ni ya Dolby. Huu ni mfumo wa kupunguza ule mchakacho unaosikika chini ya muziki. Dolby B uliingia katika vifaa vya nyumbani mwishoni mwa miaka ya sitini, na Dolby C ukafuata mwaka wa 1980. Mfumo huo hukuza sauti nyembamba zilizo dhaifu wakati wa kurekodi, kisha huzishusha kwa kiasi kilekile wakati wa kusikiliza, na mchakacho ukashuka pamoja nazo. Kwa hivyo haufai kitu usipotumika pande zote mbili.

Kaseti nyingi za muziki zilizochapishwa viwandani zina alama ya Dolby kwenye jalada. Kaseti zilizorekodiwa nyumbani kwa redio kaseti kwa kawaida hazina Dolby, na swichi iwekwe OFF. Ukiiwasha kwa kaseti hizo, mchakacho utapungua kweli, lakini herufi za "s" na "f" katika maneno ya msemaji zitapungua pia, na huenda zikawa ndizo zinazokuwezesha kuelewa anachosema. Mashine nyingi zinazoundwa siku hizi hazina Dolby halisi, na hiyo ni sababu moja ya kuithamini deki nzee iliyotunzwa.

Iwapo sauti ni butu hata baada ya usafi na Dolby kuzimwa, yawezekana pembe ya kichwa hailingani na ile ya mashine iliyorekodi. Kando ya kichwa mna skurubu ndogo ya kurekebisha pembe hiyo. Fundi huizungusha kidogo mno huku akisikiliza, hadi sauti nyembamba zing'ae. Mahali ilipokuwa patiwe alama kwanza, ili irejeshwe baadaye. Tofauti inayopatikana huwashangaza watu: msemaji aliyekuwa akinong'ona hutokea hadharani.

Wapo wanaodai leo kwamba kaseti ina sauti tamu kuliko sidi. Dai hilo lina mapenzi mengi kuliko ushahidi, kwani sidi ina mchakacho mdogo na mwendo usioyumba. Kaseti ina thamani kwa kilichomo ndani yake.

KUREKODI NA KUNAKILI

Kwa anayerekodi upya, kanuni ni chache. Pitisha kwanza sekunde kadhaa za mwanzo, ambapo utepe ni wa plastiki tupu isiyoshika sauti. Bonyeza REC pamoja na PAUSE, kisha cheza sehemu yenye kelele nyingi zaidi ya unachorekodi na uinue kipimo hadi mshale ufike penye sufuri, ukivuka kidogo mara mojamoja. Kikiwa chini mno mchakacho hutawala. Kikiwa juu mno sauti hupasuka, na mpasuko hautoki tena.

Deki za kaseti mbili zina hatari yake. Katika nyingi, upande mmoja husoma tu na wa pili husoma na kurekodi. Kaseti ya asili iwekwe daima upande usioweza kurekodi, hata kama vijisahani vyake vimevunjwa. Mwendo wa kasi wa kunakili usitumiwe kwa kumbukumbu muhimu, kwani huongeza kasoro.

Hata hivyo, kunakili kutoka kaseti hadi kaseti si njia ya kuokoa sauti, maana kila nakala huongeza mchakacho juu ya mchakacho. Njia bora ni kuipeleka kwenye kompyuta. Nyaya za LINE OUT huunganishwa na tundu la LINE IN la kompyuta, ambalo aghalabu lina rangi ya buluu, au na kifaa kidogo cha kunasia sauti kinachochomekwa kwenye USB. Tundu la maikrofoni halifai: huikuza sauti kupita kiasi, na mara nyingi hupokea upande mmoja tu wa sterio. Programu ya Audacity, isiyolipiwa, inatosha kwa kazi hii.

Rekodi kwa kiwango cha hezi 44,100 na biti 16 au zaidi, na uhifadhi kama faili ya WAV. Faili ya namna hiyo huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, hivyo kaseti ya dakika 60 hujaza zaidi ya megabaiti 600. Faili ya MP3 ni ndogo na inafaa kuwatumia jamaa, lakini isiwe nakala ya pekee. Tofauti na utepe, hapa vipimo visiguse sufuri kamwe. Viachwe chini yake kidogo.

Utepe dhaifu huenda ukacheza vizuri mara moja tu. Kwa hivyo mpangilio wote ukamilishwe kwa kaseti nyingine, na hiyo ya thamani ikiingia, kompyuta iwe tayari inarekodi. Usiusimamishe utepe njiani ili kukata sehemu zisizotakikana. Hayo yatafanywa kwenye faili. Kikohozi, jogoo anayewika nje na mlango unaofungwa ni sehemu ya siku ile.

Faili ipewe jina la tukio, mahali na mwaka, pamoja na majina ya wanaosikika, wakati ambapo mzee anayewatambua kwa sauti yupo wa kuulizwa. Nakala zisipungue mbili, katika vyombo viwili tofauti na nyumba mbili tofauti. Kaseti yenyewe ichezwe hadi mwisho bila kukatizwa ili iviringike sawasawa, irudishwe katika kijaluba chake, na iwekwe ikiwa imesimama wima kama kitabu, penye ubaridi na ukavu, mbali na spika na jiko.